Uso wa Okwara Kwenye Diski ya Zamani

Emmaculate Apeduno alikuwa mtu wa maneno machache. Wateja wake mjini Busia walidhani ni maringo, ila waliokaa naye walijua ni kazi iliyomfunza. Mtu anayeandika maneno ya wengine kutwa nzima hujizoeza kusikiliza mpaka mwisho, na kusikiliza kwa namna hiyo humpunguzia mtu mdomo.

Alizaliwa Amagoro, kwa Wateso, katika boma la wakulima wa mtama na muhogo. Alisomea upigaji chapa kwenye chuo kidogo cha kanisa, na mwaka alioolewa na Okiror ndio mwaka alioanza kazi Malaba, katika ofisi ya kampuni iliyopitisha mizigo mpakani. Okiror alikuwa karani wa yadi hapo hapo. Yeye alishinda nje juani akipanga malori yanayongoja kuvuka, mkewe ndani akigonga taipureta, na jioni walirudi nyumbani pamoja wakitembea kando ya reli. Walijaliwa mtoto mmoja, msichana, wakamwita Akurut. Tangu hapo Emmaculate akawa Mama Akurut kwa kila mtu, hata kwa wakubwa wake wa kazi.

Okiror alifariki mwaka wa 1993. Alianza kukonda, kikohozi kikamganda, akalala asiinuke tena. Siku zile ugonjwa ule haukutajwa jina. Watu walisema tu "ameshikwa," na aliyesikia alijua asiulize zaidi. Emmaculate mwenyewe alibaki na afya yake, mwaka ukaingia na mwaka ukatoka, na hakujua ashukuru au aogope.

Alipofiwa, mzee wa kanisa alikuja kuomba historia ya marehemu, isomwe kaburini. Pale nyumbani hakuna aliyejua kupiga chapa ila mjane. Basi Emmaculate akajifunga leso, akatembea mpaka ofisini, akaivua taipureta kifuniko chake, akaandika: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa nani, ameacha nani. Hakukosea herufi. Machozi nayo hayakuja. Yalikuja baadaye sana, siku alipoinua ile karatasi ya kaboni kwenye mwanga wa dirisha akaliona jina la mumewe limetobolewa na jua, herufi kwa herufi.

Mwaka wa 1996 kampuni ilifunga ofisi yake ya Malaba. Meneja aliyekuwa anaondoka alimwachia taipureta ile kama zawadi ya kuagana, na juu yake akamwachia laptopu yake ya zamani, kwa kuwa yeye alikuwa amepata mpya. Ilikuwa mashine nzito kama jiwe la kusagia, ya kijivu, yenye kigololo katikati cha kusukumia mshale wa kwenye kioo. Emmaculate akahamia Busia, akapanga chumba kimoja kwenye barabara ya kwenda geti la mpaka, kati ya duka la vitenge na kinyozi. Fundi wa rangi akamwandikia ukutani: TUNAPIGA CHAPA.

Alitarajia barua za kuomba kazi na mikataba ya mashamba. Hizo zilikuja, lakini chache. Kilichokuja kwa wingi ni misiba. Wafiwa walitoka Mundika, walitoka Bukhayo na Matayos, wengine walivuka kutoka upande wa Uganda, wakaketi kwenye benchi lake na viatu vyenye vumbi la makaburi mengine. Walitaka programu ya mazishi: jina, tarehe, nyimbo, historia ya marehemu. Na kwa kuwa sasa palikuwa na kompyuta, walitaka pia picha juu, katikati, chini ya msalaba. Emmaculate alinunua skana ya mkono, ile inayoburutwa polepole juu ya picha kama pasi juu ya nguo. Akiiburuta, uso wa mtu ulijitokeza kwenye kioo mstari baada ya mstari, kuanzia nywele, ukashuka.

Nyuso hizo ndizo zilizoielemea mashine. Maneno hayana uzito. Historia ya maisha ya mtu mzima ilichukua nafasi ndogo kuliko sikio lake moja likiwa picha. Kufikia katikati ya mwaka wa 1997 laptopu ilikuwa imechoka. Ukifungua ukurasa wenye picha, kile kidude cha saa ya mchanga kilisimama katikati ya kioo na mashine ikaanza kunguruma ndani, isiende mbele wala nyuma.

Siku moja aliketi mbele yake mzee Zephaniah wa Mundika, kofia magotini. Binti yake alikuwa ameletwa nyumbani tayari, jeneza liko chini ya turubai, na watu wanangoja. Emmaculate aliandika yote, akaiweka picha ya msichana mahali pake. Mashine ikaganda. Kwenye kioo palikuwa na paji la uso na jicho moja tu.

Mzee alitazama, akangoja, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, sasa huyo mtoto amekataa?"

"Hajakataa, mzee. Ni mashine."

Alilazimika kuizima na kuiwasha upya, na yote aliyoandika yakapotea. Akaanza tena tangu jina. Programu zilipofika Mundika, padri alikuwa ameshaanza bila karatasi, na wimbo aliopenda marehemu haukuimbwa kwa sababu hakuna aliyejua kuwa umechaguliwa. Mzee Zephaniah hakulalamika. Kunyamaza kwake ndiko kulikomuuma Emmaculate zaidi.

Jioni hiyo hiyo alifunga mlango, akafungua orodha ya mafaili yake, akaanza kufuta. Alijiambia kwamba maneno atayaacha, atafuta picha tu, tena za wale waliozikwa zamani, ambao jamaa zao walishapata programu zao na kwenda. Alifuta moja, mashine ikamwuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo. Akafuta nyingine, ikamwuliza tena. Hakufungua hata uso mmoja kuutazama, maana alijijua. Asubuhi mashine ikawa nyepesi kiasi, na kazi ikaendelea.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, mwanamke mmoja aliingia chumbani mwake, mtoto amembeba mgongoni, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Alijitaja kuwa ni Roselyn, mke wa Okwara wa Matayos.

"Labda umenisahau, mama. Nilikuja hapa na shemeji yangu, bwanangu alipofariki. Nilikuwa na mimba ya huyu."

Emmaculate hakuwa amemsahau. Okwara alikuwa mlinzi wa ghala pale Malaba. Walileta kitambulisho chake cha kazi ili picha itolewe humo, kisha kampuni ikakidai kirudishwe, kama ilivyokuwa kawaida.

"Nilikuja kuuliza hiyo picha," Roselyn alisema. Akatoa ndani ya nguo programu iliyokunjwa mara nyingi, akaifungua kwa uangalifu juu ya meza. Ilikuwa imetolewa fotokopi, na fotokopi ikatolewa nyingine. Mahali pa uso palikuwa na doa jeusi lenye umbo la kichwa, na mkunjo wa karatasi umelipasua katikati. "Hii ndiyo niko nayo. Ile nyingine safi ilikuwa juu ya jeneza ikanyeshewa. Kile kitambulisho nacho, ghala lilishafungwa, hakuna mtu wa kuuliza. Hatukuwahi kupiga picha ya arusi. Nikasema, lakini mama aliiweka kwa kompyuta. Bado iko huko ndani, ama?"

Mtoto mgongoni aliinua kichwa akamtazama Emmaculate.

Angeweza kusema mashine imeharibika. Angeweza kusema rudi wiki ijayo. Badala yake alisema, "Haiko, dada. Niliifuta."

Roselyn hakuelewa mara moja. "Uliifuta vipi?"

"Mashine ilijaa. Nilitaka nafasi ya wengine. Nikafuta picha za zamani, na yake ilikuwemo."

Nje, malori yaliyokuwa kwenye foleni ya geti yalipiga honi. Roselyn aliikunja programu yake kwenye mikunjo ile ile ya zamani.

"Kaburi tulichimba, tukamfunika," alisema hatimaye. "Hiyo ni kazi ya Mungu, nilikubali. Lakini kufutwa tena, mama?"

Akatoka, akaenda zake kwenye mvua. Emmaculate alisimama mlangoni mpaka akamwona anapotelea nyuma ya malori. Kisha akaizima laptopu, akaifunga ndani ya kitambaa, akaipeleka kwa Elly Amollo.

Elly alikuwa fundi mwenye kibanda karibu na soko. Alikulia Port Victoria kwenye ufuo wa ziwa, akaanza na redio, halafu televisheni, na miaka miwili aliyokaa Kampala ilimrudisha akiwa anajua kompyuta. Aliifungua mashine, akaitazama kwa muda, akauliza maswali machache, kisha akamweleza.

"Mama Akurut, hii mashine ina shida mbili, na watu wengi huzichanganya. Kuna memori na kuna diski. Diski ndiyo inaweka vitu, hata ukizima viko. Memori ni pale inafanyia kazi saa hii. Memori yako ni megabaiti nane tu. Ukifungua picha kubwa, haitoshi."

Emmaculate alifikiri. "Ni kama Malaba," alisema. "Yadi na ghala. Lori likiingia yadi ndipo linashughulikiwa. Ghala ni la kuwekea. Yadi ikiwa ndogo, malori yanapanga foleni mpaka Amagoro."

Elly akatabasamu. "Ndiyo hiyo. Na yadi yako ikijaa, mashine inaazima pahali ndani ya ghala isukumie malori huko. Lakini ghala pia umejaza. Kwa hivyo inasimama tu. Tunaweza kuongeza memori, kuna nafasi ya kadi moja hapa chini. Na tubadilishe diski, tuweke kubwa. Itakuwa mashine nyingine."

"Hayo sawa," Emmaculate alisema. "Lakini kilichofutwa, kinaweza kurudi?"

Elly akaacha kutabasamu. Alimweleza kwamba mashine ikifuta kitu haikitupi. Inafuta jina lake tu, kisha inahesabu pahali pake kuwa pako wazi. Kitu chenyewe kinabaki kimelala pale mpaka kingine kije kilalie juu yake.

"Umefanya kazi nayo miezi mingapi tangu ufute?"

"Mingi."

"Basi siwezi kuahidi. Lakini kuanzia leo usiandike kitu. Hata usiiwashe. Ukiiwasha tu, yenyewe inaandika-andika mambo yake, na hujui inakanyaga nini. Kadi ya memori ya aina hii haiko hapa, wala Kisumu sidhani. Lazima nitafute Kampala, na diski pia. Nikirudi tutajaribu."

Emmaculate alikubali, akairudisha laptopu chumbani mwake, akaiweka kabatini. Okiror alikuwa amemwachia ng'ombe kule Amagoro, na mmoja wa uzao wao alikuwa mtamba mzuri wa rangi ya udongo aliyekuwa akimwekea Akurut. Akamwuza. Elly akavuka mpaka kwenda Kampala.

Kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko alivyofikiri, kwa sababu vifo havikungoja. Siku ya pili tu walikuja watu wa Bukhayo na picha nzuri ya kijana mwalimu aliyevaa tai. Laptopu ilikuwa kabatini, ndani ya kitambaa chake. Angeiwasha kwa muda mfupi tu, akaburuta skana, akachapa, nani angejua? Kiongozi wa ujumbe ule, mama mtu mzima aliyeitwa Christabel, alimwona anavyolitazama kabati.

"Wametuambia wewe ndiye unaweka sura," Christabel alisema.

"Naweka, mama. Lakini saa hii siwezi."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Kuna mtu ndani ninamtafuta. Nikiiwasha nitamzika mara ya pili."

Christabel alimtazama kwa makini, kama mtu anayepima kama mwenzake ni mzima wa akili. Kisha akaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi andika tu. Mtoto wetu watu wanamjua."

Emmaculate akaishusha taipureta kutoka juu ya kabati, akaipangusa vumbi, akabadilisha utepe. Vidole vilikuwa vimesahau uzito wa vitufe vyake, na mkono wa kushoto ulimuuma kabla hajafika kwenye majina ya shangazi. Juu ya ukurasa, mahali pa picha, aliacha mraba mtupu, na Christabel akasema watabandika wenyewe kwa gundi kwenye nakala ya padri. Ndivyo alivyowaandikia wote waliokuja siku zile. Wengine walielewa. Wengine waliondoka wakaenda kwa mshindani wake aliyefungua duka karibu na stendi, na hakuwalaumu.

Elly aliporudi, alileta kadi ya memori iliyofungwa kwenye karatasi ya fedha, nyembamba kama biskuti, na diski mpya ya gigabaiti mbili ambayo ingeenea kwenye kiganja cha mtoto. Walifanya kazi hiyo mchana, mlango wa kibanda ukiwa wazi kwa ajili ya mwanga. Emmaculate aliomba kwanza, kimya, mikono mapajani. Elly, ambaye hakuwa mtu wa kanisa sana, alingoja mpaka amalize.

Akafungua skrubu za chini. Akatoa diski ya zamani kabla ya kitu kingine chochote, akaiweka juu ya kitambaa safi mbali na vyuma vyake. Kisha akaitia kadi ya memori kwenye nafasi yake, akaikandamiza kwa dole gumba mpaka ikasema *tak*. Akaiweka diski mpya, akafunga, akawasha. Kwenye kioo cheusi namba zilianza kupanda zenyewe, mashine ikihesabu memori yake. Zamani ilikuwa ikihesabu kidogo na kukoma. Safari hii ilipita pale ilipozoea kukoma, ikaendelea kupanda, na Emmaculate akajikuta ameushika ukingo wa meza.

"Ishirini na nne," Elly alisema. "Ile yako nane, na hii kumi na sita. Sasa tuone diski." Akagonga vitufe, akakunja uso. "Hii mashine ni ya zamani. Haijui kuhesabu ghala kubwa hivi. Inaona robo yake tu."

"Kwa hivyo tumepoteza?"

"Hapana. Kuna njia ya kuidanganya, lakini italeta matatizo siku nyingine. Nitaikata vipande, itumie kile inachoona. Hata hicho kinazidi ulichokuwa nacho. Ni afadhali kidogo kilicho imara."

Ilichukua sehemu kubwa ya mchana kuweka programu zote za kompyuta upya. Kisha Elly akaunganisha diski ya zamani kwenye kompyuta kubwa ya kibandani, akahakikisha hakuna kinachoandikwa juu yake, akayahamisha kwanza yale mafaili yaliyokuwa bado na majina. Yalipita salama, isipokuwa machache yaliyogoma kwa sababu diski ilikuwa imeanza kuchakaa mahali fulani. Baada ya hapo ndipo akaanza kuyatafuta yasiyo na majina.

Majina yale yalirudi yakiwa na kasoro. Herufi ya kwanza ya kila moja ilikuwa imeliwa. Elly alisoma kwa sauti, na Emmaculate akataja herufi iliyokosekana: huyu ni Mary, huyu ni Barasa, huyu alikuwa mtoto wa kidato cha pili. Aliwajua wote. Elly akawa anaandika tu anachoambiwa.

"Na hii? K, W, A, R, A."

"O," alisema Emmaculate. "Weka O."

Picha ilifunguka kutoka juu. Nywele zilizokatwa fupi zikaja, kisha paji la uso lenye kovu dogo upande wa kulia, kisha macho. Yalikuwa macho ya mtu aliyeambiwa asitikisike na akatii. Yakafuata mashavu na pua. Chini ya pua uso ulikoma. Palikuwa na mistari ya kijivu na nyeusi, na ndani ya mistari hiyo, ukiangalia sana, kipande cha tai ya mtu mwingine.

Elly alijaribu njia nyingine mbili alizozijua. Uso haukushuka zaidi.

"Kuna kitu kililala juu yake," alisema. "Pole, mama."

Emmaculate alitaka kuuliza ni kitu gani, halafu akaona kwamba analijua jibu. Ilikuwa picha ya mtu mwingine, mmoja wa wale aliowatengenezea nafasi.

Jumamosi alipanda baiskeli ya boda boda mpaka Matayos, bahasha amejifunga kifuani ndani ya mfuko wa nailoni. Alimkuta Roselyn akianika muhogo juu ya mwamba, mtoto ameketi kwenye gunia. Walisalimiana. Roselyn alimletea kiti, akaendelea kusimama.

"Nimeleta nilichopata," Emmaculate alisema. "Si chote. Sikutaka ukifungua ndipo ushtuke."

Roselyn aliifuta mikono unga wa muhogo, akatoa karatasi. Emmaculate alikuwa ameikata pale uso ulipokoma, kwa sababu hakutaka tai ya mtu mwingine iingie kwenye nyumba ile. Roselyn aliitazama kwa muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye kovu la pajini.

"Hii alipigwa na jembe akiwa mdogo," alisema. "Nilikuwa nimeisahau. Ungeniuliza jana ni upande gani, nisingekuambia."

Kisha akalia, wima pale pale, bila kuuficha uso. Mtoto alimtazama mama yake, akaanza kulia pia, na Emmaculate akamwinua kutoka kwenye gunia akampakata. Alikuwa msichana mzito, mwenye joto. Walikaa hivyo mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Roselyn aliketi chini mwishowe. Akashika picha mbele ya uso wa mtoto, akaisogeza, akaangalia huku na huku.

"Mdomo wa baba yake anao huyu," alisema. "Mama mkwe alinena hivyo siku ya kwanza, nikadhani ananifariji."

Emmaculate alimfuta mtoto machozi. Hakuona kama ni wakati wake wa kufarijiwa, na Roselyn naye hakuwa amesema hivyo ili kumfariji. Roselyn akauliza, "Na wale wengine uliowafuta?"

"Wengine wamerudi wazima. Wengine nusu. Wengine hawakurudi."

"Watu wao wanajua?"

"Hawajui."

"Basi itabidi uwaambie," Roselyn alisema, bila ukali, akirudi kwenye muhogo wake.

Ndivyo Emmaculate alivyoanza safari zake za Jumapili baada ya misa. Wiki nzima alifanya kazi kwa mashine ambayo sasa ilifungua picha bila kusita na kuchapa bila kugoma. Watu wa msiba walitoka na karatasi zao mapema, na hata wale waliohamia kwa mshindani wakaanza kurudi. Kila kazi ilipokwisha, alitoa nakala ya picha kwenye karatasi nzuri, akampa mkubwa wa familia mkononi, akamwambia aiweke pakavu. Lakini Jumapili ilikuwa ya wale wa zamani. Mundika, Bukhayo, Matayos, alikwenda na bahasha, akaketi, akasema alichofanya. Nyumba nyingi zilimpokea vizuri. Mzee mmoja alimfukuza, naye akaondoka. Kwa wale ambao nyuso zao hazikurudi kabisa, alipeleka maneno, historia aliyoiandika siku ile, akiwa ameichapa upya.

Mara moja, karibu na mwisho wa mwaka wa 1998, alifika boma moja huko Bukhayo akiwa na picha ya mwanamke aliyeitwa Ayoo, ambayo ilikuwa imerudi nzima, hata tabasamu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Nyasi zilikuwa zimefika dirishani, na nyuma ya nyumba makaburi yalikuwa zaidi ya lile aliloliandikia. Aliita hodi mara kadhaa. Jirani, mzee aliyekuwa akichunga mbuzi, akaja kwenye ua.

"Unatafuta nani, mama?"

"Watu wa Ayoo."

"Wamekwisha," mzee alisema. Akafikiria. "Yuko kijana wao mmoja, alichukuliwa na mjomba, wakaenda Jinja. Hajarudi."

Emmaculate aliitoa picha akamwonyesha. Mzee alivua kofia.

"Huyo ndiye," alisema. "Alikuwa anaimba. Jioni ungemsikia mpaka kwangu." Akanyoosha mkono. "Niachie. Kijana akija, atapita kwangu kwanza, kwa sababu ufunguo wa nyumba niko nao mimi."

Emmaculate alimwachia. Mzee aliishika kwa ncha za vidole, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo, akaelekea nyumbani kwake bila kuwaangalia mbuzi. Emmaculate aling'oa majani machache kwenye kaburi lililokuwa karibu zaidi na njia, akafuta mikono kwa leso, akaenda barabarani kutafuta baiskeli ya kumrudisha mjini.